Moyo wa Mwenye Ghorofa

Dakta Tone hakusomea udaktari hata wa kuku, lakini koti jeupe lilimkaa vizuri, na mjini koti ni nusu ya digrii. Aliwachoma watu vidole, akatazama tone la damu, akawatabiria. Siku alipomchoma mwenye ghorofa, mzee mjane asiye na mtoto, anayehema kila ngazi, mate yalimdondoka Tone.

"Mzee wangu, nyumba hii nani atairithi?"

"Atakayenitunza mpaka nife, mwanangu. Nitamwandikia kwa wakili."

Tone akamtoa damu zaidi na, kwa mara ya kwanza maishani, akaipeleka maabara ya kweli. Mpimaji akatikisa kichwa.

"Kaka, hiki kipimo kinaonyesha moyo unavyoelemewa. Kwa kiwango hiki, bila matunzo, mwaka hamalizi."

Tone akahuzunika kama inavyompasa mrithi, akahamia kwa mzee jioni ile.

Mkataba ulikuwa mkali: kidonge cha moyo cha mzee kikirukwa, nyumba hupati. Na mpangaji wa chini, muuguzi mstaafu, alipanda kila siku kukagua. Basi jamani, tapeli alifanya kazi! Alifua, alideki, alipika mboga bila chumvi, akasimama na glasi ya maji mpaka kidonge kimeshuka kooni. Mikono iliyozoea mifuko ya watu ikaota sugu, nami namwonea huruma kidogo.

Miezi ikapita. Mzee akaanza kupanda ngazi huku akipiga mluzi. Tone, roho juu, akakimbilia maabara na damu mpya.

"Hongera!" mpimaji akasema. "Kimeshuka kabisa. Huyu atatuzika sote."

Tone akarudi, akaketi sakafuni.

"Mzee, si ulikuwa unakufa?"

"Nilikuwa, mwanangu, umeniokoa. Aliyekutangulia hakujua kupika, ila alipaka rangi nyumba nzima. Wa kabla yake alirekebisha mabomba."

"Wote walipima damu?"

"Wajanja hawaamini maneno matupu. Kwa hiyo nikihitaji mtu, naacha vidonge, naongeza chumvi. Damu haijawahi kuniangusha. Lakini mkataba wetu uko palepale: mpaka nife."

Tone akaanza kufungasha.

"Ndiyo unaondoka?" mzee akauliza kwa upole. "Basi nishushie ile chumvi juu ya kabati. Bati la jikoni linavuja."