Kayaki Yenye Matundu

Leo nimejiaibisha pale Mwisenge, Musoma, kwa mikono yangu mwenyewe na sabuni ya kuomba. Nasema mapema kabla Nyangeta hajawafikia. Alikuwepo, na mdomo wake mnaujua tangu tukiimba naye kwaya.

Mtumbwi wangu ulishaoza, mnajua. Bila mtumbwi sitegi ndoano, na hapo mwanangu Magesa kapata sababu. Kila akipiga simu kutoka Bunda: "Mama, njoo ukae na sisi." Kwake kuna geti, kuna televisheni, kuna kochi. Ziwa hakuna. Mimi niliyezeekea majini hapa Murangi, nikakae kwenye kochi nimtegee nani ndoano?

Tukabishana hadi tukaelewana. Atanipeleka Musoma nichague kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki, mwepesi, hata bibi anauvuta mchangani. Nichague mwenyewe, niingie ziwani, nirudi mwenyewe, yeye anaangalia. Nikishindwa, nafunga mizigo naenda Bunda.

"Umekubali, mama?"

"Nimekubali. Washa pikipiki."

Muuzaji ni kijana mpole, anaitwa Bwire. Kayaki zake anaziweka ufukweni, jirani na pale wamama wanafulia. Akanionyesha ya njano. "Hii, bibi, miguu unaingiza humu ndani." Nikaitazama. Nikajitazama. (Kuingia ningeingia. Kutoka ndiyo ingekuwa kesi.) Akanionyesha ya bluu, unakaa juu yake kama kwenye kigoda, na ina mahali pa kuchomeka fimbo ya kuvulia. Hiyo nikaipenda.

Lakini mtumbwi hauchaguliwi kwa kuutazama usoni. Sisi tunaupinduaga, tunachungulia kama jua linapita. Nikamwambia Magesa aiinue. Nikachungulia. Yesu wangu! Matundu! Ya duara, mazuri kabisa, kama yametobolewa na fundi.

"Bwire, unaniuzia mtumbwi au chujio?"

"Bibi, hayo ni ya kutolea maji."

"Maji yatoke yaende wapi, na ziwa liko chini?"

Wamama wakaacha kufua. Nyangeta akapiga kigelegele. "Mwambie, mama Magesa! Wametuzoea hawa!" Nikajiona wakili. (Hapo ndipo ningenyamaza. Sikunyamaza.)

"Usihangaike, mwanangu. Nitaiziba."

Marehemu mume wangu, Mafuru, mtumbwi ukivuja alikuwaga anaziba kwa kitambaa na sabuni ya mche. Nikamwomba Nyangeta kipande cha sabuni. Nikachana pindo la kanga yangu, nikakanda, nikasindilia tundu moja moja. Bwire akamtazama Magesa. Magesa akatazama mbingu.

"Mwache," akasema. "Amechagua mwenyewe."

Nikavishwa koti la kuelea, nikakaa, nikapewa kafi, nikaenda. Jamani, inateleza! Nikapiga kafi kifua mbele. Nikageuka hadi nikawapungia mkono.

Ikapita boti ya injini. Wimbi lake likaniingia mapajani, likakaa. La pili likaja, likakaa na mwenzake. Maji hayakuwa na pa kutokea, nimeziba mwenyewe! Mara nimekaa kwenye beseni katikati ya ziwa. Halafu sabuni ikaanza kazi yake. Nilivyozidi kuchota maji kwa viganja ndivyo nilivyozidi kuikoroga. Povu mapajani, povu kiunoni, povu hadi kwenye koti.

Nyangeta akapaza sauti kutoka ufukweni: "Mama Magesa, na mgongo usisahau!"

Wamama wakakaa chini kwa kucheka. Bwire peke yake hakucheka, anapiga kelele tu: "Bibi, chomoa vitambaa! Chomoa!" Nikafikiri anataka nizame ili mdomo wangu unyamaze. Lakini kayaki imekuwa nzito, inayumba, na kule Magesa ameshavua viatu, anakunja suruali. Akinifikia tu, nimehamia Bunda.

Nikachomoa.

Maji yakashuka yote, gluu, na povu lake. Kayaki ikainuka kama ng'ombe aliyechoka kulala. Kumbe pale unapokaa ni juu kuliko ziwa, maji yanashuka yenyewe. Ndiyo hayo hayo aliyosema Bwire, na mimi nikamwita muuza chujio mbele ya watu. Nikapiga kafi kurudi, nimelowa, nimejaa mapovu. Magesa alikuwa ameshaingia maji ya magoti. Nikampita.

"Bwire, mwanangu, nisamehe," nikasema. "Chujio lako ni zuri. Nalichukua."

"Karibu, bibi." Hata hapo hakucheka, kijana wa watu.

Magesa akaja anakamua suruali. "Mama, hiyo haihesabiki. Umelowa chapachapa."

"Tulikubaliana nirudi mwenyewe. Nirudi mkavu hukusema."

Akamgeukia Nyangeta amsaidie. Nyangeta bado yuko chini, anafuta machozi. "Magesa, mama yako karudi," akasema. "Tena karudi msafi."

Kayaki iko hapa Murangi, imeletwa juu ya lori la mchanga. Mnaocheka, chekeni. Ila mkija kuniomba sato, majina yenu nayajua yote, na ya mama zenu.