Ulanzi Usioguswa na Mkono wa Mtu

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu asubuhi. Njombe yote imejikunyata. Matilda bado yuko kwao Ilembula na mtoto wetu Jasmine. Aliondoka baada ya mradi wa vifaranga. Sitaki kuandika habari za vifaranga.

Baba mkwe, Mzee Hezekia, kapiga simu. Kasema binti yake atarudi kwangu siku ambayo yeye mwenyewe ataona kwa macho yake kwamba nina kazi ya halali. Jumamosi atapita Makambako. Nimemwambia aje na miwani.

Maana kazi ninayo. Ulanzi wa chupa!

Msimu umekolea, mianzi inatiririka pombe, na mji mzima unakunywa kwa Mama Dorosela, kilabuni kwake nyuma ya soko. Nimemchunguza sana mama yule. Akikupa jagi, anaanza yeye kupiga funda mbele yako, kama ilivyo desturi yetu, ujue hajakutilia kitu. Ndipo anakupa kwa mikono miwili. Watu wanaita heshima. Mimi naona mate ya mtu kwenye jagi langu. Chupa iliyofungwa haina mate. Nitaiuza stendi ya Makambako, ambako mabasi ya kila upande yanasimama. Lebo nimeshachapisha: SALAMA ULANZI, HAUJAGUSWA NA MKONO WA MTU.

Ulanzi wenyewe nitanunua kwa Mama Dorosela. Hakuna mzuri kama wake. Nimemtuma Ambrose, rafiki yangu wa bodaboda, aende na dumu na aseme ni wa kwake.

Jumanne, 4 Februari

Nimejaza chupa jikoni kwa kikombe cha Jasmine. Vifuniko nimevizungushia nailoni na kuibana kwa moto wa mshumaa. Nimeungua kidole gumba. Chupa zimependeza mno.

Ambrose kaonja. Kasema ni ule ule wa Mama Dorosela, sasa kwa nini mtu aache jagi anunue kichupa? Swali la kijinga. Nimelala kitandani kuwaza. Jibu likaja. Watu hawaogopi! Mtu asiye na hofu hanunui kitu kipya. Aliyetuletea dawa ya meno alianza kwa kutuambia midomo yetu inanuka. Aliyekuja kuuza bima alianza na picha ya nyumba inaungua. Hata mwenyekiti wetu wa mtaa alishinda kwa kusema mpinzani wake atauza makaburi. Nani ananunua makaburi? Hakuna aliyeuliza. Tulipanga foleni kwenye mvua tukampa kura.

Basi nimejifungia ndani, nimejirekodi kwenye simu. Nimeziba mdomo na pua kwa kitambaa cha kushikia sufuria, sauti yangu isijulikane. Kinanuka vitunguu, nikawa nakohoa kila mara. Nje mvua inapiga bati. Nimesema: ndugu zangu, mimi si msemaji, lakini roho inaniuma. Nimesema wapo watu wanatia mbolea ya viazi kwenye ulanzi wa jagi ili ukolee haraka. Sikumtaja mtu. Mimi sisemi, nauliza tu. Mwisho nikasema tunywe vilivyofungwa, na tuisambaze sauti hii kabla hawajaifuta. Akina nani wataifuta? Sijui. Lakini ukisema hivyo watu wanafanya haraka.

Nimemtumia Ambrose peke yake, nikamsihi asimpe mtu. Nikawa na hakika itafika mbali.

Alhamisi, 6 Februari

Makambako. Nimefika na kreti zangu, nikakuta sauti yangu imeshafika kabla yangu. Mama muuza chai wa stendi kanionya nisiguse ulanzi. Kasema kuna mtu kule Njombe kavimba miguu mpaka viatu vimekatwa kwa kisu. Miguu mimi sikuisema kabisa. Imeongezwa njiani, bure, na watu nisiowajua. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikapanga meza. Kondakta wa basi la Songea kaja wa kwanza. Kasoma lebo, kaipenda, kaniambia nianze mimi. Nikamwelewesha kwamba chupa imefungwa, haionjwi, ndiyo maana yake. Kauliza kama ni salama mimi naogopa nini. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Nikafungua, nikapiga funda, nikampa. Akaitazama. Kasema hii sasa imeshafunguliwa, tena imeguswa na mdomo, na lebo inasema haijaguswa hata na mkono. Akarudi kwenye basi lake, lililokuwa bado linasubiri kujaa.

Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu pia. Nimegundua jambo zito: chupa nisiyoionja hawainunui, na niliyoionja hawaitaki. Mpaka alasiri nilikuwa nimeonja meza nzima na sijauza hata moja. Nilipanda gari la kurudi nikilia, sikumbuki kwa nini. Usingizi ukanipitisha Njombe. Nimeamshwa mbali sana, njia ya Songea, na yule yule kondakta. Kaniuliza kama miguu imeanza kuvimba.

Hawa watu wameambiwa wanihujumu. Haiwezekani wote waulize swali moja. Kuna mkono wa Mama Dorosela hapa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepita nyuma ya soko taratibu, kofia usoni, nikijua nitakuta kilabu kitupu na mama ameshika tama. Nimekuta watu hadi nje! Habari za mbolea zimemfikia, naye sasa anapiga mafunda mawili badala ya moja, na mteja anachagua mwenyewe jagi lipi aonje. Watu wanakuja kumwangalia anavyokunywa. Wakishaangalia wanaona kiu. Mzee mmoja kasema hajaona ulanzi wa uhakika namna hii tangu ujana wake.

Hofu nimetengeneza mimi, faida kaichukua yeye. Na hata asante hakuna.

Tena kuna jambo limeninyima raha. Ambrose kaniletea salamu zake. Mama Dorosela anauliza kama kikohozi cha Davis kimepona. Nani kamwambia nina kikohozi? Mimi sikohoi. Nilikohoa siku moja tu, peke yangu, mlango umefungwa. Nimemuuliza Ambrose, katazama tairi la pikipiki. Simwamini tena Ambrose.

Mchana, nikiwa napiga pasi, mlio mkubwa ukatoka jikoni. Paa! Nikajitupa chini ya kitanda. Nikajua majambazi. Ukaja mwingine, halafu mwingine. Nilipotoka nimekuta ulanzi unadondoka kutoka darini na vifuniko vimetapakaa sakafuni. Ambrose kasema ulanzi ukifungiwa unachachuka na kusukuma, kila mtoto wa Kibena anajua. Mimi najua pia. Lakini mbona umechachuka kwa nguvu hivyo? Umetiwa kitu gani? Mama yule anajua kwamba dumu lile lilikuwa langu. Kanitegea.

Nimefunika chupa zilizobaki kwa blanketi.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Niliwahi Makambako. Nikatandika kitambaa cha Matilda mezani, kile chenye maua, nikapanga chupa, nikajichana. Mzee Hezekia kashuka kwenye gari la Ilembula na fimbo na kofia yake ya pama ya kanisani. Nikampokea kwa adabu zote, nikamsalimu kamwene baba, nikampa kiti. Akavaa miwani kama nilivyomwomba. Akasoma lebo polepole. Akauliza nani kazijaza hizi chupa. Nikasema mimi, baba. Akauliza nimejaza kwa kitu gani. Nikasema kwa mikono yangu mwenyewe. Akaisoma lebo tena.

Nikamfungulia ya kwanza. Kifuniko kikaruka na kuichukua kofia ya pama, ikaanguka kwenye tope la stendi. Mzee alinyoosha mkono aipokee chupa, kisha akaurudisha. Akaniambia nianze mimi, mwanangu, kama kawaida.

Hapo ndipo shetani akaniingia. Nikakumbuka salamu za kikohozi. Nikakumbuka ile milio. Vipi kama mama yule kweli kanitilia kitu? Vipi kama ni mbolea? Mkono ukasimama nusu ya njia. Sikutaka usimame. Nilijiambia kunywa, Davis, mkeo yuko ndani ya funda hili. Mkono ukagoma.

Mzee akaokota kofia. Kasema alikuja kuona kwa macho, na ameona: mkwe wake anampa kinywaji ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukinywa. Kasema atamweleza binti yake hivyo hivyo bila kuongeza neno. Kisha akapanda gari la Njombe kwenda kutuliza kiu kwa Mama Dorosela.

Nimebaki na meza. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona hata wakati wa vifaranga.

Jumapili, 9 Februari

Matilda kapiga simu baada ya ibada. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Kasema ile sauti imefika hadi kwenye kundi la akina mama wa usharika, na alipoisikia tu alimtambua mwenye kikohozi. Ameishi nacho miaka yote. Kasema haoni aibu kwa ajili yake, anaona kwa ajili ya Mama Dorosela, mjane, anayesomesha watoto kwa jagi hilo hilo.

Sharti lake ni moja. Jumanne atashuka Njombe na Jasmine na begi. Watakuja moja kwa moja kilabuni. Mimi nipokee jagi kwa Mama Dorosela mbele ya watu, ninywe, niseme kwamba yale maneno niliyatunga mimi. Nikifanya hivyo, begi linakwenda nyumbani. Nisipofanya, linarudi na gari lile lile. Halafu akampa Jasmine simu. Jasmine kaniuliza kama bado ninakaa kwetu.

Nimelia. Naandika bila kuficha. Nyumba hii ni baridi bila wao, naota moto peke yangu kama mlinzi. Nimeapa nitakunywa. Funda moja tu, nani atashindwa? Nimefagia nyumba, nimefuta dari, nimenunua biskuti za Jasmine.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi nimenyoa ndevu, nimevaa shati la ndoa. Mtu wa Mungu, safi moyoni. Nilikuwa naelekea mlangoni simu ikalia. Justine, binamu yangu wa Bulongwa, kanitumia ujumbe wa sauti. Umesambazwa mara nyingi, hauna mwanzo wala jina. Kaandika chini yake: kaka, kuwa mwangalifu.

Nimeusikiliza nimesimama. Ni mwanamume mzima, sauti nzito, ana mafua mabaya. Anaanza kwa kusema yeye si msemaji, lakini roho inamuuma. Anasema kuna watu wanatia mbolea ya viazi kwenye ulanzi wa jagi! Nyuma yake mvua inapiga bati, mtu maskini, hana hata dari. Anakohoa kwa uchungu kila baada ya maneno mawili na bado anajikaza kutuonya. Mimi nilisema kwa ajili ya biashara. Huyu anauza nini? Hauzi kitu. Mtu wa namna hiyo anapata faida gani kwa kudanganya?

Kumbe nilibuni kitu cha kweli.

Nimekwenda hivyo hivyo, jasho linanitoka katika baridi. Kilabu kimejaa. Matilda amekaa kwenye benchi, begi miguuni, amependeza, nilitamani nimkimbilie. Jasmine amevaa sweta lake jekundu. Mama Dorosela kanikaribisha bila kinyongo, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Kwa nini hana kinyongo? Akapiga funda, akapiga la pili, akanipa jagi kwa mikono miwili. Nikalipeleka hadi mdomoni. Nikasikia kile kikohozi masikioni mwangu kabisa, na ile mvua.

Nikasema tumbo linaniuma.

Matilda akainuka. Akalitoa jagi mikononi mwangu, taratibu kabisa, akanywa hadi chini, akajifuta mdomo, akamshukuru mama. Akabeba begi. Jasmine kanipungia mkono mpaka walipokata kona ya soko. Biskuti nimesahau kumpa.

Sasa niko nyumbani na roho haitulii. Amekunywa lote! Nimempigia, hapokei. Sina muda wa kujihurumia, mke wangu yuko hatarini na hajui. Nimemtumia ule ujumbe wa Bulongwa, na baba mkwe nimemtumia, na akina mama wote wa usharika ambao namba zao ninazo, nikawasihi wausikilize hadi mwisho kabla haujafutwa. Mimi wanaweza wasiniamini. Lakini yule mzee wa kikohozi, mtu akimsikia tu, anajua huyu ni mkweli.