Ombi la Kusahihisha Uadui wa Wanyonya Damu na Watu Mbwamwitu

Ndugu Mhariri,

Glasi ikigeuzwa juu chini kwenye meza ya mbao hutoa mlio mfupi na mkavu, kama mtu aliyegonga mlango mara moja tu kisha akaenda zake. Mlio huo umekaa kichwani mwangu tangu Jumapili, na chanzo chake ni gazeti lako.

Siku hiyo Mama Veturia Lupan alikuja kwetu, kijijini Dosul Morii, kuniposa kwa ajili ya mwanawe, Tiberiu. Alileta jibini ya kondoo aliyoifunga kwa ukurasa wa gazeti. Baba akammiminia pombe ya plamu. Alipokuwa akiifungua ile jibini, macho yake yakatua kwenye kichwa cha habari: "Wanyonya Damu na Watu Mbwamwitu: Maadui kwa Asili." Akasoma hadi mwisho, midomo ikimcheza. Kisha akaigeuza glasi, na kwetu hapo maneno huwa yamekwisha.

"Mnisamehe jamani," alisema. "Sisi ni watu wa mbwamwitu, na nyie mnajulikana ni watu wa nini. Siwezi kumpeleka mwanangu vitani."

"Sawa," bibi yangu Saveta akamjibu. "Ila jibini iache."

Hili si siri kijijini. Ukoo wa Lupan hutoa watu wanaogeuka mbwamwitu. Ukoo wetu, Ciobotaru, hutoa wafu wasiotulia kaburini. Hakuna aliyewahi kuona shida, mpaka mlipoandika. Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yangu.

1. Mkesha wa Mtakatifu Andrea ni wa mbwamwitu na ni wa wafu wanaotembea, wote pamoja. Tunapaka kitunguu saumu madirishani mara moja, kikawatosha wote. Je, maadui wangekubali kufukuzwa kwa kitunguu kimoja? Mimi na Tiberiu tulijuana katika mkesha huo, vijana wote tumekaa kukilinda hicho kitunguu. Aliniuliza, "Wewe kikikukereketa utasema, au utaona haya?" Nilimwambia atangulie yeye. Nimeyatafakari maneno hayo kuliko tasnifu yangu ya shahada ya pili.

2. Wazee wetu wanasema mtu mbwamwitu akifa hurudi akiwa mnyonya damu. Babu yake Tiberiu, mzee Pamfil, alibweka ujanani na akarudi baada ya maziko. Kwa hiyo tunazungumzia mtu yule yule, kwanza kijana, kisha mstaafu. Mwandishi wako anataka kutuambia mzee Pamfil alikuwa adui yake mwenyewe. Kweli alikuwa mgumu, lakini si kiasi hicho.

3. Mwandishi wako amewachukua wale wa filamu za ng'ambo, wenye makoti ya ngozi na mashavu yaliyochongoka, wanaorukiana juu ya mapaa. Wa kwetu hawana nafasi hiyo. Mama yake bibi yangu alirudi kutoka kaburini kuangalia tu kama ng'ombe wamekamuliwa. Alipokuta wamekamuliwa vibaya, akarudi tena kesho yake. Mtu wa namna hiyo atapigana na nani, na saa ngapi?

4. Mkiachwa hivi hivi, kesho tutaambiwa tugawane kisima, keshokutwa viti vya kanisani. Makaburi yatapigwa uzio katikati. Na kwa kuwa watu mbwamwitu wakifa huhamia upande wetu, kila msiba utahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Padri wetu ana magoti mabovu. Sijui kama mmemfikiria.

5. Kwa hayo yote, naomba usahihishe habari hiyo ukurasa wa mbele. Tena, kwa kuwa gazeti lako ndilo lililovunja uchumba, ni haki wewe mwenyewe uwe msimamizi wa ndoa yetu, ushike mshumaa kanisani, na ubebe lawama kila tutakapogombana, kama desturi inavyomtaka msimamizi. Mwandishi wako aje pia. Atakaa kati ya bibi yangu na Mama Veturia.

Nisalimie wapiga chapa, mhariri wa michezo, na yule mama wa mapokezi aliyenikatia simu kwa adabu sana.

Wako katika kuitafuta haki,
Smaranda Ciobotaru

N.B. Barua hii ilichelewa kwenda posta, na mengi yamepita. Tiberiu alimsomea mama yake lalamiko la pili: "Unaona, mama, hata wewe ukifa utakuwa upande wao." Mama Veturia akasema, "Basi afadhali niwe na mtu huko wa kunipokea." Akaja kwetu, akaisimamisha glasi yake, akaomba ijazwe.

Tumeoana. Tiberiu hulala dirisha wazi ili aone mwezi, na mimi hulifunga. Nyama yeye huitaka mbichimbichi, na huamka akiimba. Jana hatukusemeshana mpaka chakula cha mchana. Mwandishi wako alikuwa sahihi kabisa, kwa hiyo usisahihishe chochote. Ule ukurasa, pamoja na harufu yake ya jibini, nimeubandika juu ya kitanda, upande anaolala Tiberiu.