Masikio ya Marehemu Fundi

Jumatatu, 4 Machi

Uso wa sanamu umekamilika. Wiki tatu za udongo, na sasa marehemu fundi cherehani ananitazama kana kwamba suruali yangu imeshonwa vibaya. Shida ni masikio. Picha pekee niliyopewa na mjane wake ina kofia, imeyafunika yote mawili.

Jumamosi mjane anakuja kukagua. Asipomwona mumewe, kazi itakwenda kwa Patasi, mchongaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye watu wake wote wana macho ya samaki. Sanamu itakaa kwenye geti la chuo cha ushonaji. Sijawahi kupata kazi ya getini maishani mwangu, na hii naitaka sana.

Mke wangu ameshauri nimwulize mjane. Nikamjibu sanaa haina kuulizauliza. Akasema sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi. Masikio yake yana heshima. Nimemwalika chakula cha mchana kesho. Akishiba hulala kwenye kochi.

Jumatano, 6 Machi

Alishiba. Akalala ubavu. Nikamtia pamba tundu la sikio, nikalipaka sikio lote plasta, laini kama uji, ili nipate kalibu yake. Ikaganda vizuri. Nilisahau kupaka mafuta kwanza.

Sikio lake limetoka salama. Nywele za juu yake zimebaki kwenye plasta. Shemeji hakufoka, alikaa tu akijishika kichwa, na hilo liliniuma zaidi. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo imebidi akanyolewe kipara na mshindani wake. Patasi alimwona akipita, akaniuliza kama ile ndiyo kazi yangu mpya.

Sikio la kwanza la sanamu nimelitoa kwa kukandamiza udongo ndani ya plasta ile; la pili nimelifinyanga kwa kulitazama la kwanza kwenye kioo.

Jumamosi, 9 Machi

Mjane akaizunguka sanamu mara mbili. Akasema uso ni wenyewe, ila masikio ni ya nani?

Akaeleza kwamba mumewe alichomeka penseli nyuma ya sikio la kulia miaka arobaini, hadi likakaa wazi kama mlango. Sokoni, wakipotezana, yeye mjane alikuwa akitafuta lile sikio tu. Akaomba ruhusa. Akalowesha kidole gumba, akalisukuma sikio mbele taratibu, maana udongo ulikuwa bado mbichi. Akasema, basi, huyu hapa. Akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kuandika.

Kazi imebaki yangu. Nikamwambia nililiacha vile makusudi ili amalizie yeye. Mke wangu akakohoa mlangoni.

Jumapili, 10 Machi

Mkuu wa chuo amepiga simu. Wanataka na mikono, imeshika mkasi. Mke wangu amesema nimwulize mjane ilikuwaje. Shauri zuri.

Lakini Shemeji amekubali kuja kula kesho ili tupatane, na mikono ya kinyozi imezoea mkasi. Makosa ni mwalimu. Safari hii nimenunua mafuta, kopo kubwa.