Umba Hakuumbwa kwa Ajili ya Magunia

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi kanisani na hasira. Mhubiri mgeni alituuliza: unachaguaje kazi kabla hujajua Mungu alikuumbia nini? Watu wakaitikia amina huku wanawaza sahani ya bukari, ugali wetu, nyumbani. Wakatoka, mimi nikabaki nimekaa. Nimemaliza chuo zamani, nimezunguka Kamina yote na vyeti mkononi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hakuna! Wananiuliza tu kama nimekula.

Jioni akaja Papa Matthias, mjomba wa mke wangu Lise. Mtunza stoo wa depo ya mahindi anayoisimamia, pale karibu na gare ya treni, ameacha kazi. Nafasi ni yangu nikitaka. Jibu analitaka kabla ya Ijumaa jioni. Lise akapiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Nikamwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba kwanza nijue kusudi la maisha yangu. Papa Matthias akamtazama Lise. Lise akatazama chini.

Seth, kaka yake Lise, ambaye huonekana kwetu saa ya kula tu, akadakia kwamba kama shemeji hataki, yeye anataka. Mpuuzi! Yule hana kusudi, ana tumbo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelipata! Liko kwenye jina. Kwetu jina halitolewi ovyo. Mama alipokuwa na mimba yangu, marehemu babu alimjia ndotoni akaomba kurudi. Ndiyo maana naitwa Umba kama yeye. Basi kazi yake ndiyo kazi yangu. Rahisi! Nimewezaje kuhangaika miaka yote hii?

Nikampigia shangazi yangu, Tantine Kapinga, nikamuuliza babu alikuwa anafanya nini. Akasema anakumbuka jambo moja: kila asubuhi babu alikuwa barazani kwa chifu, kwenye kesi. Kila asubuhi! Hapo yunite za simu zikaisha, lakini nilikuwa nimeshasikia ya kutosha. Babu alikuwa mwamuzi.

Lise ameuliza kama wanaoamua kesi za watu wanalipwa. Wengine hawaoni mbali.

Jumanne, 10 Juni

Kesi yangu ya kwanza. Mbuzi wa Mama Mujinga amekula mihogo ya Mama Ève iliyoanikwa kando ya njia. Matusi, avenue nzima inasikia. Nikavaa koti la harusi, nikatoka, nikawatangazia wanyamaze kwa sababu mwamuzi amefika. Mama Ève akaniuliza, “Nani amekuita weye?” Nikapuuza. Nikaamua kwamba mbuzi, kwa kuwa ndiye mshtakiwa, atakaa kwangu mpaka siku ya hukumu.

Wamekubali. Seth anasema walikuwa wamechoka tu kupiga kelele. Wivu!

Jumatano, 11 Juni

Mbuzi amekula mitihani ya wanafunzi wa Lise. Amekula na mguu mmoja wa suruali yangu. Lise akaketi kuandika mitihani upya, na mke akivumilia hivyo mimi nakasirika zaidi kuliko akifoka. Kumfunga mshtakiwa kwa kamba fupi ni uonevu, kwa hiyo nimempa ndefu. Seth akaja (saa ya kula!) akasema fundo langu litafunguka. Nikamwambia ashughulike na sahani yake.

Lise amenikumbusha depo. Nimemwomba asinisumbue, niko kazini.

Alhamisi, 12 Juni

Mbuzi hayupo! Kamba ipo, fundo halipo.

Nikamtaja Seth mbele ya watu kuwa mwizi. Seth akaapa kwa jina la mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, na mama mkwe alikuwa amesimama palepale. Basi. Mama Mujinga akalia. Mama Ève, adui yake wa juzi, akamshika mkono, kisha wote wawili wakanigeukia. Nimewapatanisha! Kuna aliyenishukuru? Wamekwenda kunishtaki kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Kesi kesho alasiri. Watu wa mtaa huu hawafai kabisa!

Ijumaa, 13 Juni

Kwenye kesi nilimwita Tantine Kapinga awe shahidi kwamba uamuzi uko katika damu yetu. Akasimama, akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

“Umba, mutoto yangu! Tata yetu haikukuwa muamuzi. Njo yeye balikuwa banamushitaki! Leo kuku ya bantu, kesho shamba ya bantu. Kila siku iko kwa chifu!”

Kumbe babu alikuwa mshtakiwa! Baraza zima likavunjika mbavu. Shefu akafuta machozi, kisha akakata: Mama Mujinga achukue nguruwe wetu. Nguruwe wa Lise! Yule aliyekuwa anamlisha ili amuuze, watoto wetu waingie shule Septemba. Iliniuma. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: iliniuma sana.

Nikakimbia depo. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mlinzi akasema nafasi imeshachukuliwa, na mtu wa familia yangu. Seth! Nikaenda kwa Seth kumtukana. Nikamkuta naye anatukana, maana amekataliwa. Tukatukana pamoja kidogo, kisha kila mtu peke yake.

Nyumbani Lise alikuwa anapika. Funguo za depo zilikuwa kiunoni mwake. Akaniambia kwa utulivu kwamba shuleni hawalipwi, watoto wanakula kila siku, na mjomba wake alitaka jibu, basi yeye amempa.

Nikataka kufoka. Akaniwekea sahani ya bukari.

Jumamosi, 14 Juni

Sikulala, na ni vizuri, kwa sababu nimeelewa. Mjinga ni Tantine, si mimi! Mtu anashtakiwa kila siku, maisha yake yote, na hajawahi kufungwa hata mara moja. Nani alikuwa anamtetea? Yeye mwenyewe! Babu alikuwa wakili! Leo nimeanza na Seth. Nimemwahidi kwamba nitaishtaki depo kwa niaba yake. Amekubali, baada ya kula.

Lise ameshalala. Jumatatu anaanza kuhesabu magunia. Namhurumia mke wangu, na hasira inanipanda kila nikimtazama: mwanamke mzima, amesoma, anaingia kazini hivihivi, bila hata kujiuliza kwa nini aliumbwa!