Lozi ya Mheshimiwa Waziri

Wizara ya Vijana Wakosefu na Barabara za Pembeni ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la watoto wahalifu katika jimbo letu limekwisha. Lilikwisha Alhamisi, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Mimi, Neville Tregenza, Mkurugenzi wa Utulizaji wa Umma, nilikuwepo, na naandika taarifa hii ili kuzima maneno ya mitaani kwamba eti mambo yalienda kombo. Hakuna kilichoenda kombo. Kila kifungu kilifuatwa.

Yote yalianza pale Waziri wetu, Glenn Sproule, aliposoma nusu ya makala kuhusu ubongo akiwa kwenye ndege. Nusu ya pili hakuifikia kwa sababu ndege ilitua. Makala ilisema kwamba ndani kabisa ya kichwa kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, kinachohusika na woga na kuwaonea wenzako huruma. Wataalamu walipowapima vijana walio kizuizini, waligundua kwamba wale wenye roho ngumu kupita kiasi, wasiojali hata wakimuumiza mtu, walikuwa kwa wastani na lozi ndogo kidogo kuliko wengine. Waziri alishuka ndegeni akiwa na sera.

Tukakodi lori refu lenye mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo, pamoja na mtaalamu wake, Dkt. Shanthi Wijeratne. Tukaliegesha kwenye uwanja wa netiboli wa kituo cha kuzuilia vijana cha Port Hanlon. Dkt. Shanthi alitueleza, zaidi ya mara moja, kwamba wastani wa kundi hauwezi kumhukumu mtoto mmoja. Alisema ni sawa na kusikia kwamba wacheza kikapu ni warefu, kisha ukamkamata kila mrefu barabarani na kumdai mpira. Nilimshukuru kwa mchango wake na nikampatia chai.

Kanuni ya Lozi ni fupi. Mtu yeyote atakayepimwa ndani ya lori, na lozi yake ikaonekana haizidi Lozi ya Mfano, atabaki kituoni mwaka mmoja kwa mafunzo ya huruma, na atakayeizidi ataachiwa siku hiyo hiyo. Aliyebaki hataachiwa mapema ila kwa saini ya mtu aliyepimwa na kufaulu. Kifungu hiki cha pili Waziri alikitunga mwenyewe ili kuwadhibiti mahakimu wenye machozi ya karibu. Lozi ya Mfano nayo ingekuwa yake. Alichaguliwa na wananchi, kwa hiyo ubongo wake ulikuwa umeshapigiwa kura.

Miongoni mwa waliopimwa asubuhi ile alikuwa Jorja Pickett, miaka kumi na saba. Huyu aliichukua mashine ya halmashauri ya kukata nyasi, ile ya kuendesha umekaa, akaenda nayo kununua chipsi, na njiani akavunja mkia wa Kambakochi Mkubwa, sanamu ambayo watalii wote wa Port Hanlon, yaani wale wawili, huja kuitazama. Kifungo chake kilikuwa kinaisha siku hiyo hiyo. Bibi yake, Bev, alikuwa ameegesha pikapu nje ya geti tangu kumepambazuka. Jumatatu Bev alikuwa anafanyiwa upasuaji wa nyonga, na hakuwa na mwingine wa kumpikia wala kumvalisha soksi. Lozi ya Jorja ikikosa kufika, angesubiri mwaka. Nilimwona binti akiliangalia lile geti huku amejikunyata. Niliandika kwamba mhusika anasikia baridi.

Kisha ikawa zamu ya Waziri. Alikuja amevaa kizibao cha reflekta cha rangi ya chungwa, kofia ngumu na buti zenye chuma mbele, kama avaavyo kila anapotangaza jambo, liwe daraja au chanjo.

“Glenn, vua buti,” alisema Dkt. Shanthi. Kwetu waziri huitwa kwa jina lake la kwanza, na hulipenda hilo mpaka pale anapopewa amri.

“Wapiga kura wanazijua hizi buti, daktari. Nikizivua watasema nimebadilika.”

Akapanda kwa kujiamini. Sumaku ilimpokea kwa miguu. Kufumba na kufumbua, buti zilikuwa zimegandia mdomo wa mashine na Waziri ananing'inia kati, huku Dkt. Shanthi amemshika makwapa akiomba mtu, yeyote yule, afungue kamba za viatu. Sisi maofisa tuliunda mara moja kikosi kazi cha kulitazama suala hilo, na tulikuwa tumefika kwenye uchaguzi wa katibu wakati Jorja alipotupita.

“Mzee, unaumia?” alimuuliza. “Tulia basi, usirushe miguu. Nakufungulia.”

Akamfungua kamba moja, akamfungua ya pili, akamsaidia kushuka na kumpangusa vumbi kizibao. Niliandika kwamba mhusika ameingilia shughuli za Wizara. Buti ziling'olewa na walinzi kwa kamba, na Waziri akapimwa akiwa na soksi zake, moja ikiwa imetoboka.

Dkt. Shanthi aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Aliikuza. Akavaa miwani.

“Ipo?” Waziri aliuliza.

“Ipo,” alijibu daktari. “Nimeipata.”

Wizara inapenda kufafanua kwamba lozi ya Mheshimiwa si ndogo. Ni lozi iliyobana matumizi. Hata hivyo, watoto wote wa Port Hanlon, akiwemo yule aliyechoma choo cha shule, waliizidi kwa mbali. Mkuu wa kituo, Colleen Baddeley, mwanamke asiyeruka mstari hata wa menyu, alisoma Kanuni kwa sauti na kufungua geti. Watoto walitoka mbio kuelekea ufukweni na hatujawaona tena. Nilianza kupiga makofi, lakini Colleen alikuwa hajamaliza kusoma.

“Mtu yeyote atakayepimwa,” alisema. “Glenn, na wewe umepimwa. Lozi yako inaizidi Lozi ya Mfano?”

Waziri alifikiri. “Inalingana nayo kabisa.”

“Sijauliza kama inalingana.”

Tulitafuta wakili kwa simu. Wakili aliisifu Kanuni kwa kutokuwa na mwanya. Ikabaki ile saini, na waliofaulu wote walikuwa wameshatokomea isipokuwa Jorja, ambaye alikuwa nje akimpangia bibi yake mto wa kuegemea. Tukamwita. Bev alimwambia asichelewe, maana ana njaa, na asikubali kupigwa picha na yule mtu wa chungwa.

Jorja aliingia, akachukua kalamu, akaifungua. Nathibitisha kwamba alikuwa na nia ya kusaini. Hata karatasi alishaiinamia. Kisha akasita.

“Kuna swali tunaulizwa humu kabla ya kutoka,” alisema. “Hata mimi nimelijibu, na nililia. Ukimfikiria mtu uliyemuumiza, unajisikiaje?”

“Nimemuumiza nani?” Waziri aliuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli.

“Mimi, kwa mfano. Ungenifunga mwaka. Bibi angebaki peke yake na nyonga yake.”

Waziri alimtazama kwa ule upole anaouweka kwa ajili ya kamera. Alimtazama usoni, akatazama ile mikono iliyomfungua kamba, akageukia kwangu kuomba msaada, kisha akarudi kwake.

“Samahani, mwanangu,” alisema. “Wewe ni nani vile?”

Jorja aliifunga kalamu. Aliilaza mezani taratibu mbele ya Colleen, juu ya karatasi isiyo na saini, na wala hakuonekana kufurahi.

“Usijali, mzee, utazoea,” alimwambia. “Jumatano huwa kuna pai.” Kisha akatoka kwenda kumpeleka bibi yake nyumbani.