Mukwe Wangu Iko Kila Resto, Mi Nitakula Wapi

Kwa Muzee Tarsisi Ntakirutimana,
Shefu wa kartiye yetu, na mushingantahe, muzee wa baraza, aliyekaa kiti cha mbele siku ya harusi ya mutoto wangu Aliya,
Rumonge.

Muzee wangu, amahoro. Ni mi Sharifa, mama Aliya, wa ile nyumba ya bati nyekundu nyuma ya soko ya samaki. Huku tuko wazima, ni kuku tu njo walikufa. Natumaini na muke wako mugongo umepoa. Nilisikia alienda kwa muganga wa Gatete akarudi na dawa ya kunuka, lakini hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi sisikii kitu tena, na hilo njo limenileta kwako.

Barua hii ni malalamiko. Naandika kwa heshima yote na mukono wangu mwenyewe, kwa sababu nikimupa mutu mwingine aniandikie, muji muzima utajua mbele yako, na wewe njo mukubwa.

Unajua vile kwetu mama mukwe na mukwe wake hawaonani wakitafuna. Kusalimiana iko sawa. Kuulizana hali iko sawa, mutu akiangalia pembeni. Lakini mama mukwe afungue kinywa atie chakula na mukwe anamuona, hiyo ni haya ya kuhama nayo kartiye. Marehemu mama yangu hakuonwa na muume wangu akikula hata karanga. Muume wangu, Mungu amurehemu, alikufa anadhani yule mama anaishi na upepo.

Sasa siku ya posa nyinyi wazee mulikaa pale kwangu mukauliza kijana Ismaili anafanya kazi gani. Watu wake wakajibu: ni serveri, mutu wa kupeleka sahani mezani. Mukatikisa vichwa, mukasema kazi ni kazi, mukaomba Fanta nyingine. Hakuna hata mumoja aliyeuliza anaserve wapi, na mama mukwe anakulaga wapi. Hilo lilikuwa swali la mushingantahe, Muzee. Mi mwanamuke sikuruhusiwa kuongea ile siku, na unajua vile kunyamaza kunaniumiza.

Kwa sababu mi ni mutu wa resto, muji wote unajua. Toka muume wangu afariki na Aliya aanze mambo yake, kupika sufuria ya mutu mumoja nimeshindwa. Unapika, unakaa, unaangalia sufuria na sufuria inakuangalia. Bora niende kula penye watu. Basi shida zangu ni hizi, nazihesabu ili usipotee.

Ya kwanza ni kwa Hadji Anwari. Pale njo nilikuwa nakunywa chai ya maziwa na chapati kila asubuhi, meza ya karibu na mulango, ambapo mutu hawezi kupita bila mi kujua anaenda wapi. Asubuhi moja baada ya harusi nimekata chapati, iko karibu na meno, naona Ismaili huyu hapa na birika. Nikaficha chapati ndani ya mutandio. Nikamwambia nilipita tu kusalimia Hadji. Sasa ujue huyu mutoto amekulia Dar es Salaam kwa shangazi yake, na anasema kule kwao walikula sinia moja, mukubwa na mudogo, mukwe na asiye mukwe. Haya yetu haijui. Yeye akiona mama mukwe anaacha chakula, anafikiri chakula haikuwa nzuri. Akaenda akaleta chapati nyingine, ya moto zaidi, na yai juu. Nikatoka. Mutandio mpaka leo una mafuta.

Ya pili ni kwa Mama Esperance, ule mama wa Uvira anayepika bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi. Nikasema bon, asubuhi nimuachie mukwe, mi nihamie muchana. Kumbe Esperance naye alikuwa amemuona kijana anavyofanya kazi haraka, akamuchukua saa za muchana. Mi sijui. Nakaa, bugali inakuja, inatoa moshi, nanyosha mikono ninawe, naangalia nani anamwaga maji: Ismaili na jagi. Ningefanya nini? Nikanawa. Nikanawa tena. Nikasugua kucha. Yeye anamwaga tu, hana haraka, adabu imemujaa. Mwisho akasema, "Mama, naona imeshatakata." Nikamwambia nina mavumbi ya soko. Akaenda kujaza jagi nyingine. Pale njo nilikimbia, na mikono safi kuliko ya daktari na tumbo tupu.

Ya tatu ni kwa Clotilda, rafiki yangu aliyerudi kutoka Tanzania, anayekaanga chipsi mayai magaribi. Nayo ni ileile. Clotilda alimuchukua saa za jioni makusudi, nina hakika, ili apate kucheka. Anasema, "Sharifa, kula, mukwe siyo polisi." Halafu anacheka mpaka mayai inaungua, na ile yenye kuungua anataka kuniletea mi.

Ya nne naona haya hata kuiandika, lakini nikiificha hutanielewa. Ule Nestori amefungua resto ya pitsa karibu na barabara ya Bujumbura. Nikajiambia, pale hakuna mutu wetu atakwenda, mukate mupana na nyanya juu, nani anajua kuutafuna. Nikaenda Jumamosi. Pitsa ikaja, kila mutu na yake, hakuna kula pamoja, lakini harufu ilikuwa nzuri sana. Nikauma. Jibini ya pale, Muzee, haikatiki. Unavuta mukono na yenyewe inakufuata, kama kamba ya mutumbwi. Niko katika kuvuta, pitsa iko huku na kinywa iko kule na kamba iko katikati, nasikia sauti nyuma yangu: "Mama, nikukatie?" Ni yeye, na mukasi. Jumamosi anafanya kwa Nestori.

Nikageukia ukuta. Nilikaa nimeangalia ukuta mpaka jibini ikapoa ikaanguka yenyewe. Walioniona wanasema nilikuwa naswali. Waache waseme hivyo.

Nilienda kwa shehe kumuuliza. Akaniambia dini haikatazi mama mukwe kula mbele ya mukwe. Nikamwambia dini haikatazi, lakini majirani je? Akaomba nimusalimie Aliya.

Ya tano inahusu serikali, na hapa njo nakuomba uvae miwani. Toka nifukuzwe kwenye meza zote, kartiye imekosa habari. Wewe mwenyewe juzi uliniuliza nani amehamia kwenye nyumba ya Venanti, na nikasema sijui. Mi, kusema sijui. Uliona vile uso wako ulibadilika. Nilipokuwa nakula kwa Hadji ulikuwa unajua wageni wote kabla hawajashusha godoro. Sasa mwezi ukiwa mukubwa, wavuvi hawaendi ziwani, wanajaa ndani ya resto na maneno yao yote, na mi niko nyumbani nakula ndizi peke yangu, hayo maneno yanapotea. Nani atayaokota? Haiko kwa tumbo langu tu. Ni usalama wa wananchi.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na ukiweza anza leo.

Naomba kila resto ya Rumonge iwekewe pazia, nyuma yake kiti kimoja, kwa mama mukwe. Kama pazia ni shida, komine, serikali yetu ya hapa, itujengee hangari pale karibu na ziwa, wamama wakwe tukule humo, na mukwe yeyote akikaribia apigiwe filimbi. Kama na hangari ni shida, basi toa amri maserveri wote watoke Muhuta. Kule sina mutoto, sina ukoo, naweza kutafuna mbele yao mpaka Yesu na Mahdi warudi pamoja. Na kabla ya kupewa sahani washike, waulizwe kama wana mpango wa kuoa hapa. Akisema hapana, aandikwe. Akisema ndiyo, apelekwe kuvua ndagala, kwa sababu muvuvi analala muchana, na mukwe anayelala muchana njo mukwe muzuri.

Ya sita nimeiacha mwisho, na hii siyo ya kucheka.

Juma lililopita Aliya alikuja, hakukaa. Alisimama mulangoni kama mugeni. Akaniambia, "Mama, kwa nini hupendi bwana yangu? Anaingia unatoka. Anakuletea chakula unaacha. Analala anajiuliza alikosa nini." Akasema Ismaili ameongea na mutu wa Nyanza-Lac mwenye resto pale, anataka kumuchukua, na wao wawili watahama mwisho wa mwezi huu. Alisema vile kwa upole, na upole wa Aliya mi naujua, ni kama amefunga mizigo tayari.

Muzee, nimwambie nini? Kumutuma binti aende kumwambia bwana yake, mama yangu anaogopa umuone akitafuna, hiyo nayo ni haya, tena kubwa kuliko ya kwanza. Na yeye Ismaili simuchukii. Simuchukii hata kidogo. Ni mutoto anayekutupia jicho sahani ikiisha, anajua nani hatumii pilipili, hajawahi kunisalimia akiwa amekaa. Ningepewa kuchagua tena ningechagua huyohuyo, ila nimupe kazi ya ufundi seremala.

Mi nina binti mumoja. Nyanza-Lac siyo mbali kwa mwenye gari. Kwa mi ni mbali.

Basi wewe njo uliyesimamia posa, wewe njo unaweza kuongea naye kiume, umweleze bila kunitaja. Mwambie ni mama fulani. Mwambie ni desturi. Na yale mengine, pazia na hangari na watu wa Muhuta, yafanye kwa wakati wako, lakini hili lifanye kabla mwezi haujaisha.

Unisalimie muke wako na mugongo wake. Usalimie Venanti, na umuulize kwa ajili yangu nani kahamia. Usalimie mutoto wako wa Bujumbura, ule ambaye nilisikia ameacha ile kazi, lakini hayo hatuyaongei. Wote wa kwenu mubaki na amani, murakoze sana kunisoma mpaka hapa.

Ni mi mwananchi wako mwenye njaa,
Sharifa, mama Aliya.

N.B. Muzee, kabla hujafanya kitu, ngoja.

Barua hii nilikuwa naimalizia kwa Hadji Anwari, nyuma ya frigo, kwa sababu nilihakikisha leo siyo zamu ya Ismaili. Kumbe walibadilishana zamu. Nimeshaweka sahihi yangu, naona pazia ya jikoni inafunguka na mutu anatoka kinyumenyume. Mugongo mbele, uso kule, mikono miwili imeshika sahani nyuma yake. Anatembea hivyo katikati ya meza, anagonga kiti cha mutu, anaomba radhi bila kugeuka. Hadji anamuelekeza, "Kushoto, kushoto, bado kidogo, shusha." Akashusha sahani mbele yangu bila kuangalia hata upande mumoja. Ilikuwa samaki mukeke wa kuchoma, ndimu pembeni, kitunguu kimekatwa vile napenda.

Clotilda alikuwa amemweleza kila kitu. Siwezi kumusamehe yule mwanamuke, na usiku huu nitampelekea kanga.

Ismaili akarudi nyuma ya pazia, akasimama pale, naona viatu vyake tu. Akasema, "Mama, siangalii. Kula pole pole. Ningejua mapema ningetembea hivi toka siku ya harusi." Watu wote wa resto wakaangalia sahani zao, hata wale wavuvi.

Sasa, Muzee, nimekula. Nimekula samaki wote, na kichwa, na ule mufupa wa shavu unaonyonywa kwa sauti. Kwa hiyo ile ya kwanza mpaka ya nne, chana. Hangari, acha, komine ina kazi nyingi. Watu wa Muhuta wabaki kwao na amani. Ile ya tano niachie mi mwenyewe, kwa sababu kesho asubuhi nitakuwa kwenye meza ya mulangoni na mambo ya Venanti utayajua kabla ya saa sita. Na ya sita, usiongee naye. Aliya yuko huku jikoni tangu mwanzo, nilimusikia akikohoa, anazuia kucheka. Mutu wa Nyanza-Lac atafute serveri mwingine.

Nilipokaribia kumaliza, Ismaili akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mama, chumvi iko sawa?"

Nikamujibu ndiyo, kinywa kikiwa kimejaa. Viatu vyake havikusogea.